Nilinunua seti ya vyombo vipande 24, natumia vitano. Wenyeji wa Dodoma njooni mnisaidie

MhamiajiIlazo

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mmoja wa wale tuliofungasha virago Dar tukayafuata makao makuu. Nilifika hapa 2019 nikiwa kapera. Jiko langu lote lilikuwa sufuria mbili, kisu kimoja, na mwiko niliouazima kwa jirani ambao mpaka leo sijaurudisha. Na mbuzi. Mbuzi ya kukunia nazi, siyo hiyo mnayoifikiria. Niliipakia kwenye basi kwa mbwembwe zote, nikafika nikakuta bei ya nazi huku inakutoa jasho. Tangu hapo mbuzi imegeuka kiti cha kukalia nikifunga viatu.

Mwaka jana mshahara ulipotulia nikaingia duka moja mjini, nikatoka na boksi la vyombo vipande 24, juu lina picha ya mzungu anaichekea karoti. Ndani nikakuta kisu cha duara cha kukatia piza, kidude cha kutolea mbegu za tufaha, kijiko cha kuchotea aisikrimu, miiko ya plastiki nyeusi ya kila umbo, na vingine ambavyo hadi leo sijajua kazi yake. Tufaha nanunua lini mimi? Ule mwiko mkubwa niliutia kwenye ugali wa dona siku hiyo hiyo. Kichwa kikabaki ndani ya ugali. Wahenga wanasema mshika mpini ndiye mwenye nguvu. Mimi nilishika mpini na ugali ukanishinda.

Nilivyohesabu juzi, kwenye lile boksi natumia vitano tu, na viwili kati ya hivyo ni vijiko vya chai.

Sasa nimeoa. Mke wangu yuko Tanga, anahamia huku mwezi ujao, na sitaki akute maonyesho ya plastiki. Nimetenga 150,000. Jiko la gesi ninalo, jiko la mkaa ninalo, friji ipo. Nisaidieni haya:

Kisu. Kila ninachonunua kinakuwa butu baada ya wiki tatu.

Sufuria. Nikisonga ugali kwenye gesi, sufuria inazunguka na mwiko, meza nayo inatembea.

Na maharage. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Dar nilikuwa nayatoa kwa saa moja na nusu, huku yananimalizia jioni nzima na bado yanagonga meno. Kuna chombo cha kunisaidia au nimerogwa?

KimyaKimya

Picha ya mwiko uliokatika iko wapi? Bila picha uzi haujakamilika.

MamaNtilieMstaafu

Mwanangu, kwanza urudishe mwiko wa watu. Mwiko kuazima mwiko.

Nimepika chakula cha kuuza miaka kumi na saba, nilianzia kwenye kibanda cha mabati, na vyombo vyangu vya mkononi vilikuwa vinaenea kwenye ndoo moja. Kabla hujaenda dukani, kaa chini uandike mlivyokula wiki mbili zilizopita. Ugali mara ngapi, wali mara ngapi, chapati, maharage, mboga za majani. Kinachokugusa mkono kila siku ndicho ukitolee hela. Kinachogusa mara moja kwa mwezi, azima. (Halafu rudisha.)

Mwiko wa ugali. Usinunue kwa uzuri wa rangi. Ushike kichwani na mwisho wa mpini, ujaribu kuukunja. Ukilia, uache. Angalia nyuzi za mti: ziende moja kwa moja toka mpini hadi kichwani. Zikikatisha shingoni, hapo ndipo utakapovunjikia. Pasiwe na jicho la tawi. Kichwa kiwe bapa na kipana, maana ugali unakandamizwa ukutani mwa sufuria, haukorogwi kama uji. Na mpini uwe mrefu wa kutosha ili mvuke usikuunguze vidole. Wauza miiko wa soko la Majengo wanakupangia wa kila ukubwa chini kwenye turubai, chagua taratibu, asikuharakishe mtu. Nunua miwili: mmoja wa ugali, mwingine mdogo wa mboga. Usipike mchuzi wa dagaa kwa mwiko wa uji wa mtoto, mti unashika harufu.

Upawa mmoja wa chuma wenye mpini uliotokana na bamba lile lile, siyo uliochomelewa. Ule wa kuchomelewa unaachia siku una wageni.

Chujio la chai la waya. La plastiki linalegea kwa moto.

Ungo. Usicheke. Mchele wa kupimiwa sokoni una mawe, hata huu mzuri wa Bahi. Jino moja likivunjika utalipa zaidi ya bei ya ungo kumi.

Sufuria nitarudi, naita wajukuu wale.

FundiSpringi

Swali la kisu ni langu, nanoa visu mjini hapa na vingine naviunda.

Mkuu, kisu chako hakiwi butu kwa kuwa ni kibaya. Kila kisu kinakuwa butu. Tofauti ni kama kinakubali kunolewa. Vile vyembamba vya bei ya soda, bapa lake ni laini, ukinoa kinakata, lakini makali yanalala baada ya nyanya chache. Siyo dhambi kuwa nacho. Kwa kumenyea kitunguu kinatosha, mradi unakinoa mara kwa mara.

Cha kazi nunua kimoja tu chenye bapa la sentimita 15 hadi 20. Angalia mkia wa chuma unaingia wapi. Kama bapa linaendelea mpaka mwisho wa mpini na limebanwa kwa ribiti mbili au tatu unazoziona pande zote, hicho kitakuzika. Kama chuma kimeingizwa kidogo tu ndani ya plastiki, kitacheza, maji yataingia, kitaoza humo humo ndani bila wewe kuona. Kiweke juu ya kidole pale mpini unapokutana na bapa: kisu kizuri hakikimbilii upande mmoja.

Visu vyetu sisi wahunzi tunavitoa kwenye springi za gari. Chuma chake kina kaboni nyingi, kinashika makali kuliko vingi vya dukani, lakini kinapata kutu. Ukikiacha na maji ya limau usiku mmoja, asubuhi kina madoa. Kama wewe ni mvivu wa kufuta kisu, chukua cha stenles na nisikuuzie matatizo.

Kunoa. Jiwe lenye pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini, linapatikana maduka ya vifaa vya ujenzi. Lilowanishe. Pembe ndiyo watu wengi wanaikosea. Simamisha kisu wima juu ya jiwe, hiyo ni nyuzi 90. Kilaze nusu, 45. Kilaze nusu tena, upo kwenye 22 hivi, na hapo usiondoke. Sukuma kama unakata kipande chembamba cha jiwe, mara kumi huku, mara kumi kule, hadi uhisi kwa kidole gumba kuwa kuna kijinyuzi upande wa pili. Kisha upande laini kukiondoa. Huna jiwe? Geuza kikombe cha udongo, ile duara ya chini isiyopakwa rangi inang'ata chuma vizuri.

Na usikatie juu ya sahani wala kaunta ya marumaru. Wiki zako tatu zimeishia huko.

MhamiajiIlazo

Nakatia kwenye sahani. Nimenyamaza.

ZabibuMbichi

Kununua kibao cha mbao ni kujitafutia magonjwa, damu ya nyama inaingia kwenye mti. Chukua cha plastiki, unakimwagia maji ya moto basi.

FundiSpringi

Hapana dada. Kibao cha plastiki kikishachanjwa na kisu kila siku, bakteria wanakaa kwenye zile chale na sabuni haiwafikii. Kulikuwa na mtafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, marehemu Dean Cliver, aliyapima haya na wenzake miaka ya 1990. Wale waliowekwa kwenye mbao walizama ndani ya mti wakafa wengi, wale wa kwenye plastiki iliyochakaa waliendelea kuishi hata baada ya kuoshwa.

ZabibuMbichi

Sawa, lakini mbao yangu ya kwanza hapa Dodoma ilipasuka katikati ndani ya miezi minne. Huyo wa California hajakaa na upepo wa Agosti wa huku.

MjukuuWaChenene

Hapo wote mna haki. Hewa ya hapa kiangazi ni kavu mno, mti uliolowa ukianikwa juani unapasuka kama miguu yetu. Dawa ni kutoukalisha kibao ndani ya beseni la maji. Osha, futa, kisimamishe kivulini kiegemee ukuta, pande zote zipate hewa. Paka mafuta kidogo sana mara moja moja. Ukipaka alizeti nyingi inaganda na kunata, nimeona kwa macho yangu kwa shangazi Singida, kibao kikawa kama kimepakwa gundi.

Na hata kiwe cha nini, viwe viwili. Nyama mbichi na kuku peke yake, kachumbari peke yake. Ubishi wa mbao na plastiki utaisha, kuhara hakubishani.

MwalimuWaKemia

Nimevutwa na maharage. Mkuu hujarogwa, umehama kimo na umehama maji.

Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,100 na kidogo. Dar maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Kila ukipanda mita 300 hivi unapoteza nyuzi moja, kwa hiyo hapa yanachemka karibu na 96. Uongeze gesi usiongeze, yanabubujika tu kwa kelele, joto haliongezeki. Hiyo ni sababu ya kwanza.

Ya pili ni kubwa zaidi. Tazama ndani ya birika lako. Ule ukoko mweupe ni chokaa. Maji yetu mengi yanatoka chini ya ardhi, Mzakwe na visima vingine, nayo yamebeba kalisiamu. Kalisiamu inashikamana na ile gundi ya asili inayounganisha seli za haragwe, inalikaza badala ya kulilegeza. Unapika huku unakaza.

Chombo cha kukusaidia ni presha kuka. Ndani yake mvuke umebanwa, joto linafika karibu nyuzi 120, kimo cha Dodoma hakina kauli tena. Ukinunua, jaribu mambo matatu dukani: mpira wa mfuniko uwe laini usio na nyufa, tundu la mvuke ulitazame kwenye mwanga uone ng'ambo, na uulize kama mpira wa akiba unapatikana. Kama muuzaji hajui mpira unapatikana wapi, ondoka. Maharage yasizidi nusu ya chungu pamoja na maji, maana yanatoa povu linaloziba tundu. Na usilifungue kwa nguvu mvuke ukiwa ndani, hata kama mgeni yuko mlangoni.

Kabla ya hapo, loweka usiku kucha na kijiko cha chumvi. Chumvi hiyo inaifukuza sehemu ya kalisiamu kwenye ganda. Asubuhi mwaga maji, pika kwa mapya. Kama umekinga maji ya mvua, tumia hayo. Nyanya na ndimu ziingie maharage yakishaiva, tindikali nayo inakaza.

MamaNtilieMstaafu

Na usinunue maharage ya mwaka juzi. Yaliyokaa ghalani kwenye joto hayaivi hata kwa presha. Yaking'aa na kuwa mepesi rangi ni mapya, yakiwa yamefubaa na kuwa meusi meusi, mwachie mwenyewe.

Sufuria sasa. Hii ya kuzunguka na meza kutembea ni kwa sababu sufuria yako ni nyepesi na chini imebonyea. Iweke juu ya kioo au sakafu laini uibonyeze ukingoni. Ikicheza, usiitumie kwa ugali kwenye gesi. Jiko la mkaa lilikuwa chini, unaweka mguu, unashika ukingo kwa kitambaa, mambo yanaenda. Gesi iko juu ya meza, sufuria lazima isimame yenyewe. Nunua nzito ya ugali, moja. Za mchuzi na chai zinaweza kuwa nyepesi. Na mfuniko uwe wake, siyo wa kuazimana, kwa sababu wali wa kupalia moto juu unataka mfuniko uliobana.

MjukuuWaChenene

Shikamoo mama. Niongezee kwenye sufuria nzito: hizi za kusubu, zinazoyeyushwa kutoka vyuma chakavu vya kila aina, mimi nimeziacha. Watafiti walizipima za namna hii kutoka nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, wakakuta baadhi zinatoa madini ya risasi kwenye chakula. Kwa macho huwezi kujua ipi ina nini. Nzito ya kiwandani au ya stenles yenye kitako kinene, hata kama ni moja tu.

Halafu jamani mmeusahau mlenda, ile mboga ya majani inayoteleza. Umehamia Ugogoni, mbukwenyi (salamu ya Kigogo hiyo)! Mkeo wa Tanga ataletewa mlenda na jirani wiki ya kwanza, bora ajue.

Mlenda unapekechwa. Kile kijiti chenye matawi mafupi upande mmoja, unakizungusha kati ya viganja, ndicho kinachoulainisha na kuutoa uzi. Kijiko hakiwezi kazi hiyo, blenda inaugeuza povu. Akina bibi wanakata tawi lililopandana vizuri, wanalimenya ganda, wanalikausha. Ukienda vijijini kuelekea Chamwino utapewa bure ukinunua mlenda mkavu wa kusaga. Mimi nakitumia pia kwa maziwa mgando na kwa uji ulioshika mabonge.

Chombo chake kiwe chungu. Mlenda unawekwa magadi, na magadi yanakula ngozi ya alumini, ndiyo maana sufuria inakuwa nyeusi ndani ukimaliza. Chungu hakijali. Kipya usikitie moto mkali siku ya kwanza. Kiloweke, kisha kichemshie uji mwepesi wa pumba taratibu hadi vitundu vizibe.

MwalimuWaKemia

Sahihi kabisa. Hata maji yetu bila magadi yanaifubaza alumini. Ukichemsha maganda ya limau humo inarudi kung'aa. Birika lenye chokaa nalo, siki au limau, uliache saa moja, usilikwangue kwa kisu.

Kwenye magadi yenyewe, iwe ncha ya kijiko. Yakizidi yanaua vitamini B1.

DadaWaKisasa

Mbona mnaisema seti ya watu? Mimi ninayo ya namna hiyo hiyo na naipenda. Kijiko cha aisikrimu ndicho ninachopimia donge za kababu, zote zinatoka sawa. Cha kupondea viazi, subiri mtoto aje, utanikumbuka ukiponda ndizi na boga. Kile cha kumenyea chenye wembe unaocheza kinamenya kiazi bila kutupa nusu yake. Na miiko ya plastiki ni ya fraipani isiyoshika, siyo ya dona! Kosa ni la aliyeisongea ugali.

Ila fraipani yenyewe usiiache tupu kwenye gesi. Ile rangi yake ikipita nyuzi 260 inaanza kuharibika na kutoa moshi mbaya. Ikishachubuka, iage.

MhamiajiIlazo

Dada nimekubali, kosa ni langu. Cha viazi nimekitoa kwenye boksi.

Mrejesho, wakuu. Jumamosi nimezunguka Majengo, kisha nikapitia Sabasaba. Nimenunua miiko miwili baada ya kuikunja kama saba hivi, muuzaji akaniuliza kama nimetumwa na Shirika la Viwango, TBS. Upawa wa bamba moja. Ungo. Kibao cha mninga na kidogo cha plastiki kwa nyama. Chujio. Jiwe la kunolea. Sufuria moja nzito, kitako nilikijaribu kwenye sakafu ya duka, haichezi. Nilienda na sumaku kupima stenles, kisha nikaipeleka kwenye visu pia, sumaku ikavinasa vyote nikadhani nimeibiwa.

FundiSpringi

Hujaibiwa. Stenles ya sufuria ile nzuri ina nikeli, sumaku haiishiki. Lakini chuma cha kisu lazima kikubali kukomazwa kwa moto, na chuma cha namna hiyo kinanaswa na sumaku hata kiwe stenles. Kisu kisichonaswa kabisa ndicho cha kukitilia shaka.

MhamiajiIlazo

Ahsante mkuu. Presha kuka ilibidi nisubiri, pesa imebaki 31,000. Lakini maharage ya jana nililoweka na chumvi, nikapikia maji ya mvua niliyokinga mwezi wa tatu kwenye ndoo. Yameiva kwa muda wa saa mbili kasoro. Hayajagonga meno.

Mwiko wa jirani nimeupeleka leo asubuhi pamoja na mmoja mpya. Ameupokea wa zamani akaupindua pindua, akasema siyo wake. Sasa sijui niliuazima wapi.

KimyaKimya

Hii ndiyo picha tuliyokuwa tunaitaka.

MhamiajiIlazo

Fundi, nina visu vitatu butu, na jiwe nimeshalijaribu nikaharibu kimoja, nimekifanya kama msumeno. Unapatikana siku gani?

FundiSpringi

Siku zote isipokuwa Jumapili, kuanzia saa mbili asubuhi. Njoo na huo msumeno kwanza. Na jiwe lako ulibebe, nikuonyeshe pembe kwa mkono, kwenye maandishi haieleweki.